MAWE YAMEJAA KWAO, WANAAGIZA VIGAE VYA KUTELEZA! MASTAA WA MARA NA MABWAWA YAO YA KIKI

Picha ilikuwa kali, hilo halina ubishi. Jua la jioni linazama Ziwa Victoria, bwawa la kuogelea limetulia bluu tupu, na pembeni yake sakafu nyeusi inang'aa mpaka unaweza kuhesabu meno yako. Kijana wa Musoma aliyetoboa Dar kasimama katikati na pensi nyeupe na miwani, mikono kaitanua kama vile kanunua na ziwa lenyewe. Komenti zikamiminika: "Mjengo wa maana!" "Mungu fundi!" "Wa Musoma mpo?"

Ambacho picha haikuonyesha ni kilichotokea siku chache baadaye, kwenye pati ya Krismasi. Mama yake mzazi alitoka ndani na sinia la vitafunwa, akakanyaga pembeni mwa bwawa palipolowa maji ya watoto, akaenda chini mzimamzima. Mkono ukavunjika pale kwenye kifundo. Waliokuwa wanarekodi walirekodi, kisha wakaombwa kufuta, na wengi wakafuta. Muziki ulizimwa dakika kumi. Kisha ukawashwa.

Kesho yake ile sakafu ya kifahari yote ilikuwa imefunikwa na zulia la nyasi za plastiki, lile la kijani linalotandikwa kwenye kumbi za harusi. Mkwanja wote ule, mbwembwe zote zile, mwisho wa siku limetandikwa zulia la kukodi!

Jina la kijana halitajwi hapa, na wale wanaolijua wakae nalo. Kwanza mama anastahili heshima yake. Pili, kijana hayuko peke yake. Siku hizi mjini Musoma, Bunda mpaka Butiama, kila aliyetoboa anarudi kwao na ramani ya nyumba yenye bwawa. Na hilo si kosa. Hela ni yake, kaitafuta. Tena ukiwa mkazi wa kando ya ziwa lenye kichocho na mamba, kuwa na maji safi ya kuogelea wanao nyumbani ni jambo la akili kabisa.

Kosa ni hiki kinachowekwa pembezoni mwa hayo mabwawa.

Mkoa wa mawe, watu wa vigae

Ukitaka kuona kichekesho chenyewe, zunguka Musoma kwa miguu. Toka Mwigobero, nyoosha mpaka kule Matvilla ufukweni. Kuna majabali makubwa kuliko basi, mengine yamepandana kama kuna mtu kayapanga kwa mkono. Shika lami ya kwenda Mwanza, mawe yanakusindikiza. Pale Makutano kata kushoto kwenda Butiama, fika Mwitongo nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, utakuta makazi yenyewe yamekaa katikati ya mawe, na ndiko alikozikwa Oktoba 1999. Rudi barabara kuu uende Bunda, kilima cha Balili kimeuangalia mji huku mawe yamejaa ubavuni.

Hiyo ni granaiti. Na si granaiti ya juzi. Miamba ya ukanda huu wa kaskazini mwa Tanzania ni kati ya miamba mikongwe ya Afrika, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Imepigwa jua na mvua tangu dunia haina hata nyasi, na bado ipo pale pale. Wenzao wa Mwanza mji wao wameupa jina la Jiji la Miamba na wanatamba nalo.

Sasa chukua kijana aliyezaliwa juu ya mwamba huo, aliyejifunza kutembea juu yake, aliyeanika daga juu yake. Akipata hela, jambo la kwanza anafanya ni kuagiza vigae vilivyopakwa rangi vifanane na granaiti. Vimetengenezwa China, vimevuka bahari, vimeshushwa bandari ya Dar, vimepanda lori zaidi ya kilomita elfu moja, vikaja kutandikwa juu ya granaiti halisi! Anayepata nyingi zaidi anaagiza granaiti ya kweli kutoka India, imesuguliwa mpaka inang'aa kama kioo. Jiwe kutoka ng'ambo linaletwa kwenye mji uliojengwa juu ya jiwe. Hivi huyo na anayepeleka samaki Mwigobero wana tofauti gani?

Inauma zaidi ukikumbuka kokoto za msingi wa mjengo huo zilitoka wapi. Zilitoka kwa akina mama wanaokaa kando ya barabara na nyundo, mtoto mgongoni, kipande cha turubai kichwani kwa ajili ya jua, wanaponda ndoo kwa ndoo. Hao ndio waliobembelezwa washushe bei. Buku moja ilibishaniwa nusu saa, "mama punguza, nachukua nyingi". Muuza vigae wa Dar hakubishiwa hata senti. Alitumiwa hela kwa simu, akaambiwa na asante.

Kwa nini kinachong'aa kinaangusha

Utani kando, hapa kuna sayansi ndogo ambayo kila mwenye bwawa anapaswa kuijua kabla hajafungua pochi.

Unyayo mkavu unashika sakafu kwa sababu ngozi na sakafu vimegusana. Maji yakiingia katikati, sakafu laini haina pa kuyapeleka. Yanabaki kama utando, na unyayo unaelea juu yake. Ongeza mafuta ya kujipaka, krimu ya jua, soda iliyomwagika na povu la sabuni la mtoto aliyetoka kuoga, hapo umeshatengeneza barafu Musoma. Jiwe lililochongwa ni habari nyingine. Uso wake una vilele na vibonde vidogo vidogo. Maji yanakaa vibondeni, unyayo unashika vilele.

Wajerumani hilo wameliwekea kipimo kabisa, kinaitwa DIN 51097. Mtu anatembea peku juu ya sakafu iliyomwagiwa maji ya sabuni, sakafu inainuliwa upande mmoja taratibu mpaka aanze kuteleza. Inayomshika mpaka nyuzi 12 ni daraja A, nyuzi 18 ni B, nyuzi 24 ni C. Pembezoni mwa bwawa panatakiwa angalau B. Ngazi za kushukia majini ni C. Kigae cha sebuleni kilichosuguliwa kioo hakikutengenezwa kwa ajili ya mtihani huo, na anayekiuza anajua.

Lakini muuzaji hakuulizwa. Kijana alichouliza ni kimoja tu: "Kwenye picha kinatokaje?"

Ndiyo maana lawama haiwezi kuishia kwa fundi. Mazungumzo kwenye mijengo hii ni yale yale. Fundi mzee, aliyejenga Musoma tangu kijana akiwa darasa la pili, anasema kwa upole, "Mura, hapa patateleza." Kijana anajibu, "Mzee wangu, hayo mawe ya kwetu tumeyazoea, hapa tunataka kitu cha Dubai." Mzee anaangalia chini, anafikiria ada ya shule, anasema, "Sawa bosi." Hiyo "sawa bosi" imevunja mifupa mingi nchi hii kuliko bodaboda! Fundi anayejua kazi na akanyamaza naye ana sehemu yake. Lakini aliyemnyamazisha ni mwenye hela.

Kigogo wa Bunda na marumaru iliyoliwa

Wapo wanaosikia neno "asili" wakadhani wamemaliza mtihani. Kuna kigogo mmoja pale Bunda, mtu wa heshima zake, aliapa kwamba kwake vigae vya plastikiplastiki haviingii. Akataka jiwe halisi. Safi! Akaweka marumaru nyeupe tupu kuzunguka bwawa lote, kama ikulu ya kwenye filamu.

Miezi michache mbele, ukingo wa bwawa ukaanza kupata madoa. Sehemu zilizokuwa zinang'aa zikafifia, nyingine zikawa na vishimo kama uso wa mtu mwenye chunusi za zamani. Fundi akafukuzwa. Akaja wa pili, akasugua, yakarudi. Wa pili naye akafukuzwa.

Fundi wa kwanza hakuwa na kosa, wa pili hakuwa na kosa. Marumaru, kama lilivyo jiwe lolote la jamii ya chokaa, ni kalsiamu kaboneti, na kalsiamu kaboneti inaliwa na asidi. Maji ya bwawa yanatakiwa kukaa kwenye pH kati ya 7.2 na 7.8. Ikipanda, mtunza bwawa anaishusha, na mara nyingi anaishusha kwa asidi ya dukani. Kila anapomimina, tone mbili tatu zinadondoka ukingoni. Leo tone, kesho tone. Kigogo alikuwa analipa mtu kila wiki aje kumla marumaru yake!

Kipimo chake ni cha jikoni, hakihitaji digrii. Chukua kipande cha jiwe, kamulia ndimu au mwagia siki, subiri. Likitoa vipovu, hata vidogo, hilo ni la jamii ya chokaa, lipeleke sebuleni. Granaiti ya Mara ukiikamulia ndimu inakuangalia tu.

Wengine wanakimbilia ng'ambo ya Sirari kuchukua jiwe la sabuni la Kisii kwa sababu wameona vinyago vyake vinapendeza. Vinapendeza kweli. Jiwe lenyewe wachongaji wa Tabaka wanalichonga kwa kisu, ndiyo sifa yake. Jiwe linalochongwa kwa kisu, likilowa maji linakuwa kama jina lake linavyosema. Liache liwe kinyago.

Mama wa Butiama asiyeposti

Sasa njoo Butiama. Kuna mama mmoja pale, mfanyabiashara wa mazao, mtu wa kawaida tu. Wajukuu wake wapo Dar na kila likizo wanakuja. Kawajengea kibwawa cha mita nane kwa nne nyuma ya nyumba. Hajawahi kukiposti popote. Wanaokijua ni waliokaribishwa chai.

Kwake hakuna kinachong'aa. Mama aliita vijana wapasua mawe wa karibu, wale wanaowasha moto juu ya mwamba mpaka unamenyeka tabaka kwa tabaka, kisha wanapasua kwa nyundo na kabari. Kila kipande kilichofika kiligongwa kwa nyundo ndogo kabla hakijapokelewa. Jiwe zima linalia kama kengele, jiwe lenye ufa wa ndani linalia bubu, na moto unaweza kuacha ufa usioonekana kwa macho. Yaliyolia bubu yalirudishwa, yakaenda kuwa mawe ya msingi wa banda.

Yaliyobaki yalichongwa juu kwa tindo, taratibu, mpaka uso ukawa na mkwaruzo mdogo unaoushika mguu bila kuuchubua. Yale ya ukingoni yakapitishwa mashine, kona zikaviringishwa, ili mtoto akijivuta kutoka majini asichanike tumbo. Sakafu ikalazwa kidogo, sentimita moja mpaka mbili kwa kila mita, kuelekea nje ya bwawa, maji machafu yasirudi ndani wala yasituame. Kati ya ukingo na sakafu ikaachwa nafasi ndogo iliyojazwa mpira laini, siyo saruji, kwa sababu bwawa na sakafu havitanuki kwa kasi moja jua likiwaka. Mwisho likapakwa dawa ya kuziba vinyweleo, ili mafuta na uchafu visizame ndani ya jiwe.

Majirani walicheka. "Kajenga zizi la mbuzi lenye maji!" Mama kakaa kimya. Wajukuu wanakimbia kuzunguka lile bwawa kutwa nzima, wamelowa chapachapa, na wanachoanguka nacho ni kicheko tu.

Huyo mama ndiye aliyetakiwa kuwa na wafuasi laki tano.

Visingizio vyao, kimoja kimoja

Cha kwanza: "Mawe ya kwetu ni ushamba." Ushamba wa nani? Kule Lobo, kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, kuna hoteli iliyojengwa kwa kulizunguka jabali, na bwawa lake limekaa mwambani kwenyewe. Wazungu wanapanda ndege saa kumi na zaidi, wanalipa kwa dola, ili wakaogelee katikati ya granaiti. Granaiti ile ile ambayo mtoto wa Bunda anaiona aibu. Mtalii analipia kuuona mwamba, mwenyeji analipia kuuficha!

Cha pili: "Yanakwaruza." Yanakwaruza yakiwekwa na mvivu. Jiwe likitoka machimboni na kutandikwa hivyo hivyo, litachubua, halina ubishi. Ndiyo maana kuna tindo, kuna grinda, kuna fundi. Kati ya kioo na msasa kuna nafasi kubwa, na jiwe zuri la bwawa linakaa katikati.

Cha tatu: "Yanaunguza mchana." Hapa wana nusu ya ukweli, wapewe haki yao. Jiwe lolote likipigwa na jua la saa nane linapata moto, na jiwe jeusi linapata zaidi. Lakini anayelalamika hivyo ndiye huyo huyo aliyeweka kigae cheusi tii! Granaiti nyingi ya Mara ni ya kijivu, nyingine ina wekundu kwa mbali. Chagua ya rangi nyepesi. Weka kipande juani saa nane mchana, kikanyage peku, kisha amua. Panda mti au jenga kibanda upande wa magharibi. Na usipende nyeupe kupitiliza nayo, itakupiga macho mpaka uogelee na miwani.

Cha nne: "Ni bei." Ukweli usemwe wote: kuchonga granaiti si kazi ya mchezo. Ni jiwe gumu, linakula visu vya almasi, linakula siku za fundi. Sakafu nzuri ya jiwe inaweza isiwe rahisi kuliko kigae. Ila jiulize hela inakwenda wapi. Ya kigae inakwenda kiwandani, melini, bandarini na kwenye lori. Ya jiwe inabaki kwa mpasuaji, mchongaji, mbebaji na mama lishe anayewapikia ugali na sato mchana. Huo ndio "kurudisha nyumbani" wanaouimba kila wakipewa maiki.

Cha tano hakisemwi, kinafanywa: "Mawe si ya bure tu, unaokota." Hapana. Kwa Sheria ya Madini, Sura ya 123, hata mawe ya ujenzi ni madini, na anayechimba kuuza anatakiwa awe na leseni. Kwa mchimbaji mdogo ipo leseni ndogo, inatolewa chini ya Tume ya Madini. Muulize anayekuuzia. Na kuna mawe hayaguswi kabisa: yaliyo ndani ya hifadhi, na majabali ambayo wazee wanayaheshimu kwa matambiko. Kupenda jiwe la kwenu si ruhusa ya kumpasulia mtu babu yake.

Jiwe lisilo na jina

Sasa hapa ndipo penye uchungu wenyewe.

Nenda Nairobi, muulize fundi yeyote wa bustani na mabwawa atakupa nini cha kutandika nje. Atataja Mazeras kabla hujamaliza swali. Mazeras ni mji mdogo nje kidogo ya Mombasa, na jiwe lake la bapa limebeba jina hilo hilo mpaka kwenye majumba ya Wakenya wenye nazo. Atataja Galana, jina la mto unaoingia baharini karibu na Malindi, na jiwe lake linawekwa pembezoni mwa mabwawa mpaka kwenye hoteli. Wakenya hawakungoja mtu aje kuwapa ruhusa ya kuyapenda. Waliyapa majina, yakapata bei, yakapata mafundi wanaoyajua, na leo mwenye nyumba anatamba: "Hapa nimeweka Galana."

Zanzibar ndiyo usiseme. Mji Mkongwe umejengwa kwa jiwe la matumbawe na chokaa, na mwaka 2000 ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jiwe la pwani ndilo linalowaletea wageni.

Jiwe la Mara linaitwaje? Halina jina. Linaitwa "mawe". Linapondwa kuwa kokoto, kwa sababu kokoto ndiyo kazi pekee ambayo wenye hela wamelipa. Mwamba wa miaka bilioni mbili na nusu, unasagwa ukafiche chini ya zege, halafu juu yake panatandikwa kigae kilichochorwa picha ya mwamba.

Na nani anaweza kulipa jina? Siyo mpasua mawe wa Butiama, hana simu ya kuposti. Siyo mama wa kokoto. Anayeweza ni yule yule kijana wa pensi nyeupe. Picha yake moja inatazamwa na watu wengi kuliko wakazi wa kata nzima. Akivaa raba, vijana wanazitafuta Kariakoo. Akinyoa kiduku, vinyozi wa Nyasho wanapata kazi. Angesimama peku kwenye sakafu ya kijivu, imelowa, iliyochongwa na mikono ya kwao, akaandika tu "Hili ni jiwe la Musoma", wiki ile ile kuna vijana wangepigiwa simu za kazi. Hana anachopungukiwa. Ana hela, ana jukwaa, ana mwamba nyuma ya ukuta.

Kachagua kung'aa. Na wenzake wakaiga, kwa sababu mjini kinachoigwa ni picha, siyo sakafu. Kila posti ya sakafu ya kioo inawafundisha maelfu ya vijana kwamba kutoboa maana yake ni kuficha ulikotoka. Halafu Krismasi inafika, wanarudi huko huko walikokuficha, na mama anatoka na sinia.

Kabla hujamwaga hela

Kwa hiyo wewe unayechora ramani sasa hivi, uwe umetoboa au upo njiani, usichague kwa macho. Omba vipande vitatu vinne vya mawe tofauti, uende navyo nyumbani. Vikamulie ndimu. Vidondoshee maji uone yananyonywa au yanabaki juu, kwa sababu jiwe linalonyonya sana litanyonya na uchafu. Vigonge uvisikie. Viweke juani. Kisha vimwagie maji ya sabuni, vua viatu, mshike mtu mkono, na ukanyage.

Kisha fanya kipimo cha mwisho. Mfikirie mtu mzee kuliko wote nyumbani kwenu akipita hapo usiku, taa imekatika, watoto wametoka kuoga. Kama roho inasita, hilo siyo jiwe la kuweka, hata kama muuzaji kakuapia kwa mbingu na ardhi.

Na fundi mzee akikuambia "Mura, hapa patateleza", usimjibu. Msikilize. Mlipe na kwa hilo neno.

Kule Musoma mkono wa mama umeunga, asante Mungu. Anapika, anapokea wageni, anacheka. Ila bwawani hasogei. Watoto wakiogelea anakaa barazani, anawaangalia kwa mbali, kama mgeni kwenye nyumba aliyomwombea mwanawe miaka yote. Zulia la plastiki limeshapauka na jua na limeanza kunuka. Kijana anasema mwakani atabadilisha, kaona vigae vingine vikali mtandaoni.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti lake, akina mama wanaendelea kugonga mawe kwa nyundo. Ukikaa pembeni mwa lile bwawa muziki ukiwa umezimwa, unawasikia.

Mdau, kwenu pembezoni mwa bwawa kuna nini? Na kama wewe ni fundi, ulishawahi kusema "sawa bosi" ukajua kabisa mtu ataanguka? Funguka hapo chini.